Magoli Yaliyonadiwa Jumapili ya Mavuno

Nianze na stashahada, kwa sababu watu wa kwetu wana tabia ya kuiruka. Ni stashahada ya Usimamizi wa Michezo na Usalama wa Viwanja. Niliipata Denmark, nikisoma jioni, na mchana nikisugua sakafu za ukumbi ambao watoto wa huko huchezea mpira ndani kwa sababu nje kumejaa barafu. Sikupelekwa na serikali wala sikulipiwa na mjomba. Niliondoka kwetu kwenye miteremko ya Meru, juu kidogo ya Usa River, nikiwa nimevaa sweta la kuazima. Nilirudi na masweta yangu mwenyewe, cheti chenye mhuri, na jicho linaloweza kumtazama mtoto anayekimbilia mpira likajua ataanguka wapi na ataumia nini. Cheti kinaning'inia sebuleni kwa mama yangu, juu ya televisheni. Mgeni akikaa kwenye kochi lolote anakiona. Nilijaribu makochi yote kabla ya kupigilia msumari.

Niliporudi nilikuta watoto wa kwetu wakicheza kwenye uwanja ulio kati ya kanisa na mashamba ya kahawa. Nasema uwanja kwa heshima tu. Umeinama kiasi kwamba timu inayoshambulia kuelekea chini hupata mabao ambayo haikuyakusudia, na golikipa wa upande wa juu anaweza kumaliza ndizi nzima bila kusumbuliwa. Katikati kulikuwa na mashimo ya fuko. Pembeni unapita mfereji wa kumwagilia migomba, na mpira ukitumbukia humo unasafiri hadi kwa watu wa chini, ambao huurudisha wakipenda. Watoto walicheza peku, kucha ndefu, wengine na kipande cha muwa mdomoni. Siku ya kwanza nilisimama pale nikihesabu hatari kwa vidole. Vidole vilipoisha nilimwomba mama yangu anikopeshe vyake.

Nikaanzisha ligi. Nasema niliianzisha mimi, kwa sababu siku hizi kila ninayekutana naye barabarani anadai alikuwepo. Timu yetu, timu ya Nduruma, timu ya Usa River, na timu ya Kaloleni kutoka mjini, ambayo watoto wake wanaona uwanja mkubwa wa mpira kila wanapokwenda dukani kununua chumvi, na kwa hiyo wanajiona wameshachezea humo. Nilitunga kanuni za usalama na kuzibandika kwenye mlango wa chumba cha wanakwaya. Kucha zikatwe kabla ya mechi. Nikaweka benchi maalumu na bibi mmoja wa kwaya mwenye mkasi. Muwa umalizwe nje ya uwanja. Mbwa afungwe, hata kama ni mbwa mpole, hata kama mwenyewe anasema hajawahi. Vikinga ugoko nilivibuni mimi, vya maganda makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Nilivijaribu kwa kumwomba binamu yangu anipige teke. Akanipiga kwenye mguu ambao sikuwa nimevaa, lakini kwa mguu uliovaa nina imani kamili.

Fuko niliwashinda. Mfereji niliuwekea uzio wa matete. Kilichobaki kilikuwa magoli.

Magoli ya zamani yalikuwa miti ya mkaratusi iliyochimbiwa ardhini wakati ambao hakuna anayeukumbuka, na mchwa walikuwa wamekula kila kitu isipokuwa umbo. Katika mechi ya kirafiki, mpira uligusa mlingoti taratibu kabisa, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, na mlingoti wa juu ukashuka. Golikipa alikuwa amekwenda kukojoa. Hakuumia mtu. Lakini mlingoti ulitua juu ya kofia yake, aliyokuwa ameiacha pale ili ionekane bado yupo, na akina mama waliokuwa pembeni waliitazama ile kofia kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Aliyesema alikuwa jirani yetu, mama mfuga kuku, mwenye wajukuu kwenye timu na sauti inayofika ng'ambo ya mfereji bila kupandishwa. Akina mama wengine wakitaka kujua wanafikiri nini, humsikiliza yeye. Alikuja akasimama mbele yangu, akafunga khanga vizuri.

"Mwanangu, mtoto hachezi tena chini ya mti unaoanguka," alisema. "Lete goli lisiloanguka. Ukilileta niite nije nilitikise mwenyewe. Mpaka hapo, wetu watakaa nyumbani wachambue maharage."

Wakaondoka na watoto wao, na mpira, kwa sababu mpira ulikuwa wa mmoja wao.

Basi hapo ndipo elimu ilipoingia kazini. Mtu asiye na stashahada angechimbia miti mipya. Mimi nilichora goli la mabomba ya chuma, lenye mguu mrefu kwa nyuma, na kwenye mguu huo sehemu ya kulazia mifuko ya mchanga. Goli la namna hiyo mtoto akiliparamia haliendi mbele wala nyuma. Halina kona kali. Na likiisha kazi linabebwa na kuwekwa mahali, ili lisibaki uwanjani peke yake likiwashawishi watoto kubembea. Hiyo ya kubebeka ndiyo niliyojivunia zaidi. Wavu nilichagua mweupe wa matundu madogo, aina ile wanayofunika nayo mboga kwenye mashamba ya Usa River, ili kidole cha mtoto kisinase. Fundi wa kuchomelea alinifanyia kazi hiyo mjini, na magoli yakaja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, yamefungwa juu juu, yakipepea nyavu njia nzima kama maharusi wawili.

Mama mfuga kuku aliitwa. Akalitikisa la kwanza kwa mikono. Akalisukuma kwa bega. Akamwita mjukuu wake mnene akamwambia ajitundike. Goli halikusogea.

"Haya," akasema. "Hili ni goli."

Ufunguzi wa ligi ukapangwa Jumamosi iliyofuata. Nduruma walikubali, Usa River walikubali, na kocha wa Kaloleni, Mchaga mmoja muuza vipuri vya pikipiki mwenye maneno mengi kuliko vipuri, akasema watakuja ili tu waone Ulaya imefikaje mlimani.

Sasa, katikati ya kutikiswa kwa magoli na Jumamosi ya ufunguzi kulikuwa na Jumapili ya mavuno. Mimi nilifikiri hivi: wazazi wote watakuwepo kanisani. Wengine walikuwa hawajaona magoli kwa macho, walisikia tu. Ni fursa gani nzuri zaidi ya kuyaonyesha, mchungaji akayaombea, na mimi nikatoa maelezo mafupi ya kitaalamu? Mama yangu aliniambia niyaache uwanjani, uwanja wenyewe uko hatua chache, atakayetaka kuyaona atageuza shingo. Nilimweleza kwamba kuna kitu kinaitwa kushirikisha jamii. Akasema sawa, akaendelea kufunga ndizi zake za sadaka.

Kwetu, Jumapili ya mavuno kila familia huja na kilichotoka shambani. Mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kahawa, maboga, mitungi ya maziwa, kuku waliofungwa miguu wakilalamika wakati wa mahubiri, na mara nyingine ndama. Vinavyoingia huwekwa mbele ya madhabahu. Visivyoingia mlangoni hupangwa nje kwenye nyasi, upande wa kulia. Baada ya ibada watu hutoka wakiimba, wanasimama duara, na mzee wa kanisa ananadi kila kilichotolewa, kimoja kimoja, kwa ajili ya kazi ya usharika. Hayo yote nilikua nayo. Nilikula maembe ya mnada huo utotoni. Lakini miaka ya sakafu za Denmark ilikuwa imeyaweka mahali fulani ndani sana, nyuma ya mambo ya mifuko ya mchanga.

Magoli hayakuingia mlangoni. Vijana wakayaweka nje, kwenye nyasi, upande wa kulia. Kati ya mkungu wa ndizi na ndama.

Wakati wa matangazo nilipewa nafasi. Nilieleza. Nilisema goli hili halimwangukii mtoto. Nilisema halina kona kali. Nilisema wavu wake haupitishi hata kidole na hakuna kitakachoingia wala kutoka bila idhini. Nilisema kila kitu kuhusu mifuko ya mchanga. Mzee wa kanisa alitazama saa yake mara kadhaa, nadhani alikuwa akinipimia muda ili nisifupishe. Mwisho nikasema, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, kwamba haya ni matunda ya kwanza ya elimu yangu na ninayaleta mbele za Mungu na mbele ya wazazi.

Kanisa likapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu peke yake alinitazama kwa namna ya mtu anayemwona mwenzake akipanda gari la kwenda kusikokuwa kwao.

Baada ya ibada mchungaji alinikaribisha chai ofisini pamoja na wageni. Nilikunywa vikombe vizuri viwili, nikawasimulia kuhusu barafu. Nilipotoka nje, duara lilikuwa limeshajaa na mnada umeshaanza, na watu walianza kunishika mkono. Mzee mmoja mkulima wa kahawa alinishika kwa mikono yote miwili akasema wengi wanatoka Ulaya na maneno, mimi nimetoka na malimbuko. Nikasema ni jambo dogo tu. Mama mwingine akasema Mungu atanirudishia maradufu. Nikasema amina. Nilikuwa nimeshaitikia amina nyingi, nikiwa nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu unaoonekana kutoka mbali, nilipoinua macho nikaona magoli yangu mawili yakiondoka. Yalikuwa yamebebwa na wajukuu wa mama mfuga kuku. Yalipita kwenye migomba, nyavu zikipepea, yakaingia kwenye njia ya kwake.

Nikanyoosha mkono juu nikaita wasimame.

"Mkono umeonekana," mzee wa kanisa akasema kwa ile sauti yake ya kunadi. "Pale, kwa ndugu yetu wa Ulaya. Kuna wa kuongeza? Hakuna. Jogoo ni wako, baba. Mungu akubariki mara ya pili siku moja."

Makofi tena. Mtu akanikabidhi jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye jicho la mtu aliyewahi kufukuzwa kazi. Nikasimama naye kifuani. Sasa niambie, mbele ya usharika mzima, baada ya amina zote zile, mtu anasemaje kwamba hakutoa? Mwenye stashahada anajua pa kunyamaza. Nilitabasamu hadi nyumbani.

Mama yangu alikuwa ametangulia. Aliponiona na jogoo akauliza kama ndiye atakayesimama golini Jumamosi.

Siku iliyofuata asubuhi nilikwenda kwa mzee wa kanisa, nikamsalimia, nikalileta jambo kwa kuzunguka. Aliitikia marahaba vizuri sana, na vizuri vilevile akanieleza kwamba kilichoombewa na kunadiwa kimeshakwenda. Yeye tangu aanze kunadi hajawahi kuona mtu akirudishiwa hata yai. Fundi wa kuchomelea nikampigia simu. Alikuwa amepata kazi ya mageti Moshi, hangerudi kabla ya wiki kuisha. Kocha wa Kaloleni alinipigia mwenyewe, maana habari za mlimani hushuka mjini haraka kuliko maji ya mfereji.

"Mwenyekiti, shikamoo," alianza, ingawa ananizidi umri. "Tumesikia magoli yenu yameokoka."

Nikamwambia kila kitu kiko chini ya udhibiti.

"Hongera sana. Nilitaka kujua tu, Jumamosi yatacheza au yatahubiri? Maana kama hayapo, mimi siwezi kutoa watoto wa watu mjini waje kutazama kahawa. Nitawaambia na Nduruma wasihangaike. Ligi tutaifanyia huku kwetu, na wewe utakaribishwa kama mgeni mheshimiwa. Tutakupa kiti."

Hapo niliona jambo zima lilivyo. Bila magoli yale, akina mama wa kwetu hawatoi watoto. Bila watoto wetu hakuna ufunguzi. Bila ufunguzi ligi inashuka Kaloleni, na watoto wa mlimani wanachambua maharage, na mimi napewa kiti. Nilichukua jogoo kama zawadi, nikavaa koti langu la kuakisi mwanga ili jambo lionekane la kikazi, nikaenda kwa mama mfuga kuku.

Nilimkuta uani. Magoli yangu yalikuwa yamelazwa kifudifudi, midomo chini, nyavu juu, na mifuko ya mchanga imepangwa kuzunguka vizuri kuliko hata nilivyokuwa nimeipanga mimi. Chini ya la kwanza kulikuwa na mtetea na vifaranga wengi, wakidonoa kwa raha. Chini ya la pili kulikuwa na mchicha uliochipua juzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umekuja kuona kazi ya Mungu?"

Akaniketisha kwenye kigoda, akaniletea bakuli la loshoro, ile ndizi na mahindi ya maziwa mgando ambayo sikuwahi kuipata kokote Denmark, na huwezi kubishana na mtu huku unakula loshoro yake. Alilijua hilo. Akaniacha nile, akanieleza mwenyewe. Mwewe alikuwa amemlia vifaranga msimu mzima. Anashuka kutoka kwenye miti ya kule kanisani, anachagua kama mtu aliye buchani. Halafu kuku wakubwa wakimaliza kuogopa mwewe wanaingia kwenye mchicha. Akasikia tangazo langu kanisani.

"Ulisema halimwangukii mtoto," akasema. "Ulisema wavu haupitishi kidole, na hakiingii kitu bila idhini. Nikasema moyoni, huyu kijana ananisemesha mimi. Vifaranga nao si watoto?"

Nikamwambia kwa upole kwamba magoli yalikuwa ya mpira. Yeye mwenyewe aliyatikisa.

"Niliyatikisa. Na wewe ukasema ni matunda ya kwanza, ukamtolea Mungu. Nikajua sasa utatengeneza ya pili kwa ajili ya watoto. Kwani mtu anatoa malimbuko halafu anarudi kuyala?"

Bakuli liliniinamia mapajani. Nikamweleza habari ya fundi na mageti ya Moshi. Nikamweleza habari ya Kaloleni, na kiti. Nikamwambia wajukuu zake hawatacheza. Aliposikia habari ya kiti alicheka kidogo kwa pua, lakini aliposikia ya wajukuu aliacha kucheka, akautazama wavu, akawatazama vifaranga.

"Sikurudishii," alisema. "Nilinunua kwa Mungu, na kwa Mungu sirudishi. Lakini watoto wanaweza kuyaazima Jumamosi, wakicheza wayalete. Shida ni mwewe. Nikifunua, atashuka."

Nikamwambia nitamletea kijana wa kuaminika akae alinde.

"Kijana gani? Vijana wote watakuwa mpirani."

Nikamtaja binamu yangu. Akakataa, alimwona mara moja akilala juu ya baiskeli. Nikamtaja mama yangu. Akasema mama yangu ni mtu mzima na amepalilia wiki nzima. Nikasema basi nitatafuta mtu mwingine mwenye sifa.

"Mwenye sifa si ni wewe?" akasema. "Cheti cha usalama ni cha nani hapa kijijini? Nimekuwa nikikisikia tangu umerudi."

Nilijaribu kueleza kwamba mimi ndiye mwenyekiti, kwamba kuna hotuba, kwamba kuna kukata utepe, na utepe nilikuwa nimeshaununua, mwekundu. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima zote. Halafu akaniongezea loshoro.

Basi Jumamosi hiyo wajukuu walikuja mapema wakayainua magoli, wakayabeba kupitia migombani hadi uwanjani, na mama mfuga kuku akawafuata ili ahakikishe mifuko ya mchanga imewekwa sawa. Mlangoni aligeuka akaniambia vifaranga anawajua wote kwa sura. Mimi nikabaki. Nilivaa koti la kuakisi mwanga, filimbi shingoni, sanduku la huduma ya kwanza miguuni, na fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe kileleni. Nilifanya tathmini ya hatari kama nilivyofundishwa. Anga: mwewe. Ardhi: mtetea na wenzake wa nje, wenye nia na mchicha. Na ndani ya ua wenyewe, jogoo wangu mwekundu, niliyemleta kama zawadi, na ambaye tangu afike alikuwa hajafanya kingine zaidi ya kuchunguza mipaka.

Kutoka pale uani uwanja hauonekani, migomba inauficha. Lakini unasikika. Nilisikia gari la Kaloleni likifika na kwaya yake ya matusi mepesi. Nilisikia kimya, halafu sauti ya kunadi ya mzee wa kanisa, na nikaelewa kwamba ndiye aliyepewa hotuba yangu. Alisema maneno machache. Makofi yakawa makubwa kuliko niliyoyatarajia kwa hotuba fupi kiasi kile. Utepe sikuusikia, utepe hauna sauti, lakini niliuhisi.

Filimbi ikalia. Mwewe akatokea.

Alikuja taratibu, akizunguka juu ya kanisa, bila kupiga bawa. Nikanyanyua fimbo. Wakati huohuo jogoo aliona macho yangu yako juu akaingia kwenye mchicha, na kuku wakubwa wakamfuata kama wachezaji waliokuwa wakingoja nahodha. Nikapuliza filimbi. Jogoo hakujali, lakini kule uwanjani mwamuzi alisimamisha mchezo, nikasikia watu wakiulizana ni faulo gani. Nikaacha filimbi, nikatumia mdomo. Nilikimbia huku nikipunga fimbo juu kwa mkono mmoja na kumfukuza jogoo kwa pindo la koti kwa mkono wa pili. Mtu yeyote aliyesoma atakuambia kwamba kulinda pande mbili kwa mlinzi mmoja ni kinyume cha kanuni. Nililinda hivyohivyo. Mwewe alishuka hadi nikaona rangi ya miguu yake, na vifaranga wakapiga mbio wote mahali pamoja, mahali penyewe pakiwa katikati ya miguu yangu. Nikasimama wima, miguu nimeipanua, kitambaa juu, nikipiga kelele ambazo mama yangu aliniambia baadaye zilisikika hadi kwenye kahawa ya watu wengine.

Kule uwanjani ukapigwa ukelele mkubwa. Goli. Sikujua ni la nani. Mwewe akageuka akarudi zake, na mimi sikuthubutu kusogea, kwa sababu kifaranga mmoja alikuwa amekaa juu ya kiatu changu.

Hivyo ndivyo walivyonikuta mechi ilipokwisha. Wajukuu walikuja na magoli mabegani, wametapakaa udongo, wakisema wote kwa pamoja kwamba wametoka sare na Kaloleni, kwamba mnene wao alipiga mwamba mpaka goli zima likalia ngoma na halikusogea hata kidogo, kwamba kocha wa Kaloleni alilisukuma kwa siri baada ya mechi na akajiumiza bega. Hilo la bega naliweka kando kwenye taarifa zangu. Yeye si mchezaji. Wachezaji hakuumia hata mmoja. Hakuna kofia iliyoangukiwa.

Kocha mwenyewe alikuja nyuma yao, akishika bega, kuniaga. Alinitazama mimi, fimbo, koti lililojaa mchicha, na kifaranga kwenye kiatu. Nikamngoja aseme.

"Mwenyekiti," akasema, "zamu ijayo ya huku tutaleta na mpira wetu." Akaenda zake. Kwa mtu wa Kaloleni, hiyo ni hotuba ya pongezi.

Mama mfuga kuku aliinama akawahesabu vifaranga mmoja mmoja, akiwasemesha kwa Kimeru. Akautazama mchicha, ambao sehemu yake ilikuwa imeingia tumboni mwa jogoo.

"Wote wapo," alisema.

Fundi aliporudi kutoka Moshi alinitengenezea magoli mengine mawili, yaleyale ila na nembo ya ligi niliyoibuni mimi. Hayo sikuyapeleka kanisani. Kanisa likitaka kuyaona lina shingo. Lakini kabla hayajawa tayari kulikuwa na Jumamosi nyingine ya kuazima, na nilikwenda tena na fimbo yangu bila kuambiwa, na safari hii jogoo nilimfunga mguu.

Jioni moja baada ya hapo mama mfuga kuku alikuja kumtembelea mama yangu. Alileta mayai. Akakaa kwenye kochi la kona, lile ambalo nilikuwa na wasiwasi nalo wakati wa kupigilia msumari, na akakiona cheti. Akasimama, akakisogelea, akakisoma taratibu kuanzia juu hadi kwenye mhuri, huku mimi nikijifanya natafuta rimoti.

"Kizuri," akasema. "Ila mbona hawakuandika kuku?"